Matende na uvimbe wa limfu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kujipima nyumbani

Majibu haya ni ya mtu mwenye mguu au mkono uliovimba na haurudi kama ulivyokuwa, na ya jamaa anayemuuguza. Vifaa vinavyohitajika ni futi laini ya fundi wa nguo, rula, kalamu, daftari na kioo kidogo. Kujipima hakuchukui nafasi ya daktari. Ila mgonjwa anayefika kliniki na daftari la miezi mitatu huhudumiwa tofauti na yule asemaye "umevimba tu, siku nyingi."

Limfu ni nini, na kwa nini mguu unafura?

Kila siku maji kidogo huvuja kutoka kwenye mishipa ya damu na kuingia katikati ya nyama na ngozi. Mengi hurudi kwenye damu kupitia mishipa myembamba ya limfu, yakichujwa njiani na tezi zilizoko kinenani, kwapani na shingoni. Mishipa hiyo ikiharibika, maji hubaki pamoja na protini zake, na protini hizo zikikaa muda mrefu huifanya ngozi iwe nene na ngumu. Ndiyo maana mguu wa mwaka wa kwanza ukiubonyeza unabonyea kama unga uliokandwa, na wa mwaka wa kumi ni kama ubao.

Huku Pwani sababu tuliyoizoea ni minyoo ya filaria inayosambazwa na mbu. Mjini Mombasa ni yule mbu wa usiku anayezaliana kwenye maji machafu ya vyoo vya shimo na mitaro. Lakini si kila uvimbe wa limfu ni matende ya mbu. Wanawake wengi huvimba mkono baada ya kutolewa tezi za kwapani au kupigwa miale kwa ajili ya saratani ya titi. Wengine huvimba baada ya ajali au maambukizi ya ngozi yaliyojirudia, na wachache huzaliwa na mishipa dhaifu.

Nitajuaje kama ni limfu na si moyo, figo au presha?

Anza na swali moja: ni mguu mmoja au yote miwili? Uvimbe wa limfu mara nyingi huanza upande mmoja, au hata kwenye miguu miwili upande mmoja ukauzidi mwingine. Miguu miwili inayovimba sawasawa, pamoja na pumzi kupanda ukilala chali, uso kufura asubuhi au mkojo kupungua, inataka kipimo cha moyo, figo na ini kabla hujafikiria matende. Baadhi ya dawa za presha, hasa amlodipini, nazo huvimbisha vifundo vya miguu. Usiiache dawa kwa sababu hiyo. Mwambie aliyekuandikia.

Kisha fanya kipimo cha Stemmer. Shika ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu, pale kinapoanzia, kwa kidole gumba na cha shahada, ujaribu kuiinua kama unavyoinua kitambaa mezani. Ikiinuka kijikunjo chembamba, ni kawaida. Ikiwa nene kiasi kwamba huwezi kuinua chochote, huo ni uvimbe wa limfu karibu bila shaka. Kwa mkono, fanya vivyo hivyo kwenye shina la kidole cha kati. Lakini ngozi ikiinuka usijipe hongera mapema, kwa kuwa mwanzoni mwa ugonjwa, au uvimbe ukiwa pajani tu, kipimo hiki hudanganya.

Wako pia wanawake ambao miguu yao ni minene kuanzia nyonga hadi kifundoni, inauma ikiguswa, lakini wayo na vidole ni vyembamba kabisa. Hayo ni mafuta, si limfu, na tiba yake ni nyingine.

Hatua za matende ni ngapi, na nitaitambuaje yangu?

Madaktari wanatumia mizani mbili. Ya kimataifa ina hatua nne, kuanzia 0, ambapo mishipa imeharibika lakini uvimbe haujaonekana, hadi 3. Kwa matende ya miguu kuna nyingine ya hatua saba, na hiyo ndiyo tunayoipendekeza kwa kujipima kwa sababu inasomwa kwa macho na vidole.

Hatua ya 1: mguu unavimba mchana, ukilala unarudi wenyewe.
Hatua ya 2: hauishi kwa usingizi wa usiku mmoja.
Hatua ya 3: ngozi ina mikunjo mifupi.
Hatua ya 4: kuna vinundu.
Hatua ya 5: mikunjo imekuwa mirefu ndani.
Hatua ya 6: juu ya ngozi, hasa vidoleni, kumeota vichunjua vidogo vilivyosongamana kama ganda la fenesi, na mara nyingi vinatoa majimaji.
Hatua ya 7: mgonjwa hawezi tena kazi zake za kila siku bila kusaidiwa, na vidonda na harufu ni vya kudumu.

Watu hukosea zaidi kati ya hatua ya 3 na ya 5. Usipime kwa ukubwa wa mkunjo, pima kwa kuona chini yake. Chezesha mguu huku na huku: ukiiona sakafu ya mkunjo bila kuushika, ni mfupi. Ikibidi kuutenganisha kwa mikono ndipo uone ndani, ni mrefu. Tofauti hii ina maana yake, kwani ndani ya mkunjo mrefu hewa haiingii, maji ya kuoga hubaki, na jasho la Mombasa humalizia kazi.

Ukiwa na dalili za hatua mbili, andika iliyo juu. Mtu mwenye kinundu kimoja yuko hatua ya 4 hata kama mguu wake ni mwembamba kuliko wa jirani aliye hatua ya 2.

Nasemaje kama mguu "unarudi" au "haurudi"? Kila siku uko tofauti.

Fanya jaribio la usiku mmoja. Kabla ya kulala, pima mzunguko wa mguu sehemu tatu: katikati ya wayo, juu kidogo ya kifundo, na penye shavu nene zaidi. Chora mstari wa kalamu kila ulipopima. Lala mguu ukiwa juu, kwa mto uliowekwa chini ya godoro na si juu yake, maana mto wa juu huteleza usiku. Asubuhi, kabla hujakanyaga chini, pima kwenye mistari ileile. Ukikuta umerudi sawa na ule mzima, uko hatua ya 1. Ukipungua nusunusu tu, uko hatua ya 2 au zaidi. Rudia siku tatu ndipo uandike jibu. Mwenye ugonjwa wa moyo asilale miguu juu kabla ya kumuuliza daktari wake.

Ongeza na kipimo cha kubonyeza. Weka gumba kwenye mfupa wa muundi, mahali palipo juu ya kifundo kwa upana wa vidole vinne, ubonyeze bila kuachia kwa sekunde 10. Kishimo kikibaki, kipime kwa rula kwa milimita na uandike. Mguu ulioacha kubonyea huku ukiendelea kunenepa haujapona, kama wengi wanavyodhani. Maji yamegeuka kuwa nyama ngumu.

Napimaje mguu kwa futi ili namba zangu ziaminike?

Simama pekupeku sakafuni. Msaidizi asimamishe rula ndefu au ubao wenye alama kando ya mguu, atie vidoti kwa kalamu kwenye sentimita 12, 16, 20, 24, 28, 32, 36 na 40 kutoka chini. Mtu mfupi aishie 36. Fanya hivyo miguu yote miwili. Kisha kaa, nyoosha mguu, na upitishe futi kwenye kila kidoti, ukingo wa juu wa futi ukigusa kidoti. Futi iguse ngozi bila kuibonyeza: ikiacha alama, umeivuta sana. Wayo upime peke yake, mara moja, penye upinde.

Yanayoharibu namba ni haya. Futi ya kitambaa iliyozeeka hurefuka, kwa hivyo kila miezi michache ilinganishe na rula ya chuma. Kupima leo asubuhi na kesho jioni hakulinganishiki kabisa. Kubadilisha mpimaji nako kuna shida, kwa sababu kila mkono una nguvu zake. Na ukipima baada ya kusimama foleni ya feri Likoni jua la saa saba, utapata mguu wa siku hiyo tu.

Namba hizo nazigeuzaje kuwa kiwango cha ukali?

Hapa kuna hila ndogo. Vidoti vikiwa vimeachana sentimita 4, ujazo wa mguu kwa mililita ni jumla ya mizunguko iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe, igawanywe kwa 3.14. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Mfano. Mguu mgonjwa: 26, 28, 31, 34, 37, 39, 39, 38. Zidisha kila moja kwa yenyewe (26 × 26 = 676, 28 × 28 = 784, na kuendelea), ujumlishe zote: 9,432. Mguu mzima: 22, 23, 26, 30, 33, 35, 35, 34. Jumla yake ni 7,284. Ukigawa kwa 3.14 unapata kama mililita 3,004 na 2,320, yaani mguu mmoja umebeba maji na nyama za ziada zinazozidi nusu lita. Ukitaka asilimia tu, usisumbuke na 3.14: toa 7,284 kwenye 9,432, ubaki na 2,148, gawa kwa 7,284. Ni asilimia 29.

Chini ya asilimia 20 huhesabiwa uvimbe mdogo, 20 hadi 40 wa wastani, zaidi ya 40 mkubwa. Huyu wa mfano ni wa wastani. Hesabu haihusu wayo, na wengi wenye matende uvimbe wao umejaa wayoni, basi namba ya wayo isomwe kando.

Miguu yote miwili imevimba. Nitalinganisha na nini?

Na wewe mwenyewe. Jumla ya leo ilinganishe na ya mwezi uliopita, mguu kwa mguu. Asilimia ya tofauti baina ya miguu itakudanganya, maana miguu miwili iliyovimba sawa itatoa sifuri.

Je, mguu mkubwa zaidi ndio mgonjwa zaidi?

La, na hili tunalirudia kwa kila mgonjwa. Futi inapima ukubwa. Ukali wa ugonjwa unaonekana baina ya vidole na kwenye idadi ya homa.

Chukua kioo na taa ya simu, tenganisha vidole kimoja kimoja, hasa kile kidogo na jirani yake. Unatafuta ngozi nyeupe iliyoroweka kama kidole kilichokaa kwenye maji ya kufulia, mpasuko hata wa milimita mbili, magamba, harufu, au majimaji. Huo mpasuko ndio mlango. Bakteria wanaokaa juu ya ngozi ya kila mtu huingia hapo, hukuta maji ya protini yasiyotembea, na huzaana. Mguu hupata moto, huuma, tezi za kinena hufura mtoki, na mtu hutetemeka kwa homa siku kadhaa. Kila shambulio huharibu mishipa zaidi na kuacha mguu mnene kuliko ulivyoukuta. Kwa hiyo hatua ya 2 yenye homa sita kwa mwaka ina hali mbaya kuliko hatua ya 4 isiyopata homa tangu mwaka juzi.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tumia mgongo wa kiganja: gusa mguu mmoja, kisha mwingine, mahali palepale. Joto lililozidi upande mmoja, ngozi kung'aa na maumivu ukigusa, ndizo dalili zako.

Katika daftari niandike nini?

Mstari mmoja kwa wiki unatosha. Kwa mfano: "Jumatatu asubuhi. Kulia 9,432, kushoto 7,284, wayo kulia 27. Kishimo milimita 4. Mpasuko kidole cha 4 na cha 5. Homa hakuna. Kiatu cha Ijumaa hakiingii. Nimetembea hadi sokoni bila kupumzika." Yale mawili ya mwisho usiyadharau, kwa kuwa kiatu na safari ya sokoni hueleza maisha yako kuliko sentimita.

Mbona namba zangu zinapanda na kushuka?

Joto hupanua mishipa ya damu, na maji huvuja zaidi. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, tarajia namba za juu kuliko za kusi. Hedhi, safari ndefu ya basi na chumvi nyingi pia huchangia. Tofauti ya nusu sentimita kwenye kidoti kimoja ni mkono wa mpimaji. Vidoti vitatu au zaidi vikipanda pamoja wiki mbili mfululizo, hapo kuna jambo. Wakati wa homa usipime kabisa, subiri joto na maumivu yaishe.

Mamangu alifanyiwa upasuaji wa titi. Mkono wake tuupimeje?

Kama upasuaji haujafanyika, pimeni mikono yote miwili sasa hivi, kwani kipimo cha kabla ni cha thamani kuliko vyote vya baadaye. Anzeni kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoungana na mkono, mwende kila sentimita 4 hadi karibu na kwapa, na hesabu ni ileile. Tofauti ya sentimita 2 mahali pamoja, ambayo haikuwapo kabla, inatosha kwenda kliniki. Mkono anaoutumia zaidi huwa mnene kidogo kiasili.

Lakini mara nyingi mama atajua kabla ya futi: mkono unahisi mzito jioni, bangili zinagoma, pete inaacha alama, mkono wa gauni la dira unabana. Kwa ile mizani ya kimataifa, hiyo ni hatua ya 0 ikiingia ya 1, na ndiyo saa nzuri ya kuanza tiba.

Nilipimwa damu, nikaambiwa sina minyoo. Mbona basi nina matende?

Vijidudu vya filaria hutembea damuni usiku, takriban saa nne hadi saa nane, kwa hivyo damu ya kuangaliwa kwa darubini iliyochukuliwa mchana huweza isioneshe kitu. Kipimo cha kijiti kinachotafuta protini za mnyoo hufanya kazi saa yoyote. Lakini wagonjwa wengi wa muda mrefu hawana tena minyoo hai: ilikufa, uharibifu ukabaki. Kwa sababu hiyo dawa za kampeni za kugawia watu wote wa eneo, kama zile tatu za pamoja (ivamektini, DEC na albendazoli) zilizogawiwa Jomvu na Lamu mwaka 2018, hukinga watu na kukata usambazaji, ila hazipunguzi mguu uliokwisha kunenepa. Bado zinywe zikija.

Udhu mara tano kwa siku unadhuru?

Maji hayadhuru. Kinachodhuru ni kuvaa champali au soksi vidole vikiwa bado vimelowa. Beba kitambaa safi cha pamba, ukaushe kati ya vidole vyote kwa kugandamiza bila kusugua.

Na hina, hijama, chale, au kutembea baharini?

Hina safi ya majani haina neno. Piko jeusi, ile rangi ya nywele, liache, hutoa malengelenge kwa baadhi ya watu, na lengelenge ni mlango. Hijama na chale kwenye mguu au mkono uliovimba, hapana. Majimaji yatakayotoka yatarudi baada ya siku chache, na vidonda vitabaki.

Bahari ina faida ya kweli: maji yanayofika kiunoni huukandamiza mguu kutoka nje, na kutembea ndani yake huamsha misuli inayosukuma limfu. Ingia maji yakiwa yamejaa, sehemu ya mchanga, na viatu vya mpira, si kwenye mwamba uliopwa. Ukitoka, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukaushe. Mwenye kidonda wazi asiingie.

Nimeshajua hatua yangu. Nifanye nini?

Hatua zote huanza na kuosha, mara moja au mbili kwa siku: maji yasiyo moto, sabuni ya kawaida, kuanzia juu kushuka, kisha ndani ya mikunjo na baina ya vidole, hadi maji ya mwisho yatoke safi. Kausha kwa kitambaa. Paka dawa ya fangasi penye weupe, na ya bakteria penye mpasuko kama ulivyoandikiwa. Ukikaa, inua mguu. Zungusha kifundo na panda kwa ncha za vidole mara 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku.

Bandeji na soksi za kubana husaidia sana kuanzia hatua ya 2, ila usijinunulie. Mwenye kisukari au mishipa ya damu iliyoziba aweza kupoteza mguu kwa bandeji iliyokazwa. Muone mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya rufaa, uende na daftari. Matende ya mwanzo yaweza kurudi nyuma, na hata mguu wa hatua ya 6 huacha kunuka na kupata homa kwa usafi tu.

Mabusha nayapima vivyo hivyo?

Hapana. Busha ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani, na tiba yake ni upasuaji mdogo. Usiyapime, nenda hospitali.

Lini niache kujipima niende hospitali leo hii?

Mguu mmoja ukivimba ghafla kwa saa au siku chache, shavu likiuma, hasa baada ya safari, upasuaji au uzazi: huenda damu imeganda. Ukiongezeka upungufu wa pumzi au maumivu ya kifua, usingoje kuche. Nenda pia ukiwa na homa na mguu wa moto. Njiani weka taulo iliyolowekwa maji baridi, si barafu, kunywa maji, meza paracetamoli, usikande wala kufunga bandeji. Mgonjwa anayechanganyikiwa, asiyekojoa, au ambaye ngozi yake inageuka nyeusi, apelekwe mara moja. Na uvimbe mpya ulioanza kwa aliyewahi kutibiwa saratani uonwe na daktari hata kama hauumi, kwa kuwa saratani iliyorudi kwenye tezi huweza kuziba njia ya limfu.

Ukienda, vaa leso au kikoi kinachofunguka upesi, na vua kiatu cha mguu mzima pia. Daktari asiyeona miguu yote miwili hana cha kulinganisha.